Shimo Lililonisomesha

Mwezi uliopita binamu yangu alinitumia picha kwenye WhatsApp. Ilikuwa ya karatasi ya mistari, ile ya kung'olewa katikati ya daftari, na juu yake mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: SISI WAKAZI TUNATAKA KWARE IFUNGWE. Chini yake kulikuwa na majina, nambari za vitambulisho na sahihi. Nilihesabu 61. Kisha ukafuata ujumbe wa sauti: "Buda, weka jina lako namba sitini na mbili. Wewe umesoma, hao watu watakuogopa."

Sikujibu. Nilikaa siku tisa bila kujibu, na mimi si mtu wa kuwapuuza watu wa kwetu.

Picha hiyo ilinipata nimelala kitandani, ghorofa ya nne, Pipeline. Kama hujawahi kufika Pipeline, ni ule mtaa wa Embakasi ambao maghorofa yake yamesongamana kiasi kwamba ukifungua dirisha unaweza kumpitishia jirani wa ploti nyingine chumvi bila kushuka ngazi. Niliangalia dari. Fundi yeyote wa mjengo atakuambia konkriti huchanganywa moja-mbili-nne: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Yaani katika kila karai saba zilizokuwa juu ya kichwa changu, nne ni kokoto. Sasa mtu anayelala chini ya kokoto anatakiwa kusema nini kuhusu shimo zilikotoka? Je, aliyelishwa na shimo ana haki ya kulilalamikia?

Najua unataka kujibu "ndiyo, bila shaka". Nakuomba ungoje kidogo, maana mimi mwenyewe nilijibu hivyo hivyo siku ya kwanza, na siku ya pili nikajibu kinyume chake.

Kwetu ni Machakos, kwenye tambarare za Athi, pembeni ya barabara ya Mombasa. Jina la mji sitalitaja, maana ukiujua mji utaijua kampuni, na sina nia ya kuandika juu ya kampuni moja. Pita Mlolongo, mji ambao watu husema ulipata jina kutokana na foleni ya malori kwenye mizani, kisha kata kona na ufuate vumbi. Utakuta barabara moja, makanisa matatu, baa nne, kinu cha unga, steji ya bodaboda na zahanati yenye rangi mpya upande unaotazama barabara.

Chini ya nyasi kuna mwamba wa kijivu uliokolea, lava iliyomwagika na kuganda mamilioni ya miaka iliyopita. Wanajiolojia huuita fonoliti, jina lililotoka kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya sauti na jiwe, kwa sababu bamba lake likigongwa hulia. Nilisoma hayo chuoni na nikakimbia kumpigia mama simu kumweleza. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kwani hukujua linalia?" Yeye alikuwa anachagua mawe kwa masikio kabla sijazaliwa. Jiwe linalolia vizuri hupasuka vizuri. Lile bubu litakumaliza mkono.

Machimbo kwetu huitwa kware. Ukifungua kamusi utaambiwa kware ni ndege, wa jamii ya kuku, hukaa nyasini. Nikiwa darasa la nne niliandika kwenye insha kwamba mama yangu anafanya kazi kwa kware, na mwalimu, mgeni aliyetoka pwani, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Anawafuga?"

Hakuwa anawafuga. Alikuwa ameketi chini, miguu imenyooshwa mbele, juu yake gunia limefungwa kwenye vijiti vinne kumkinga jua. Kampuni ilikuwa ikichukua mwamba mzuri kwa baruti na tingatinga, na mawe yaliyokataliwa yakitupwa nje ya lango, wanawake wakiyagombea. Unaliweka jiwe ndani ya pete ya mpira uliokatwa kutoka kwa tairi kuukuu, ili vipande visikurukie machoni, kisha unaligonga kwa nyundo mpaka liwe kokoto. Debe kwa debe, wiki mbili, wiki tatu, mpaka lipatikane lori zima, na lori lisipokuja unaendelea kugonga. Kidole gumba chake cha kushoto hakina ukucha. Karo yangu ya kidato cha kwanza, sanduku la bati, godoro, viatu ambavyo vilinibana kuanzia muhula wa pili, vyote vilitoka kwenye ile pete ya mpira.

Kwa hiyo nilipompigia simu kumuuliza kuhusu ile karatasi, jibu lake nililijua kabla hajafungua mdomo. "Hiyo shimo ndiyo ilikusomesha." Alilisema kwa Kikamba, na kwa Kiswahili linapoteza makali kidogo. Nikanyamaza. Baadaye kidogo, kama mtu anayeongezea salamu, akasema usiku uliopita kikohozi hakikumpa nafasi ya kulala.

Hapo ndipo mji wetu wote ulipo, kati ya sentensi hizo mbili, na ndiyo maana wageni wanaokuja na fomu za kuuliza maoni huondoka wakiamini kwamba watu wa kwetu hawajui wanachotaka.

Nyumba ya mama ina vyumba viwili. Ilijengwa 2009 kwa mawe ya kware ile ile, na kokoto za sakafu alizigonga mwenyewe. Miaka michache baadaye, reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilipokuwa ikijengwa, malori yaliongezeka, wakaleta krasha ya pili, na baruti ikawa inapigwa karibu zaidi na nyumba za watu. Ukuta wa sebuleni ukapasuka kuanzia kona ya dirisha hadi karibu na dari. Mama ameuziba mara tatu kwa saruji na kila mara ufa umerudi pale pale. Sasa ametundika kalenda juu yake. Ni kalenda ambayo kampuni hugawa kila Krismasi, ina picha ya tingatinga la manjano. Nilimuuliza kama haoni kichekesho hapo. Akasema kalenda nyingine zote ni fupi, hazifiki.

Baruti hupigwa saa saba mchana. King'ora kinalia kwanza. Shuleni mwalimu anaacha chaki, watoto wanaziba masikio, ardhi inatikisika, halafu hesabu inaendelea pale ilipoachiwa. Sukuma wiki ya kwetu huoshwa mara tatu. Nguo zinaanikwa kwa kuangalia upepo unatoka wapi. Lakini usiku ukipita pale stejini utasikia vijana wakibishana nani atapanda lori gani kesho kama tanboi, na hiyo ndiyo kazi iliyopo. Nyingine ni kuuza kitu kwa mwenye kazi hiyo. Mwenye ploti anawapangishia madereva vyumba. Mwenye baa, basi hata usiniulize. Kampuni ilijenga madarasa mawili na kupaka zahanati rangi upande ule mmoja.

Watu wa mji huo huo ndio wanaosema, katika wiki moja, kware ifungwe na kware isifungwe. Mara nyingine ni mtu yule yule. Shangazi yangu anapangisha vyumba vitatu kwa madereva na ndiye jina la nne kwenye ile karatasi.

Kuna hoja moja iliyonitesa siku ya pili, siku niliyobadilisha jibu. Hoja yenyewe ni hii: umekula, nyamaza. Nilipouliza, binamu alinisimulia kwamba kwenye baraza la chifu mzee mmoja aliisema kwa adabu zaidi, akaiweka ndani ya methali: ukipenda boga, penda na ua lake. Watu wakapiga makofi. Methali ikishatua barazani ni vigumu kuisimamisha, kila mtu huona aibu kuijibu kwa maneno ya kawaida.

Lakini hebu tuijibu. Boga na ua lake vinatoka kwenye mmea mmoja. Huwezi kupata kimoja bila kingine. Je, kokoto na ufa wa sebuleni ni mmea mmoja? Baruti inaweza kupigwa kwa vipimo vidogo. Barabara inaweza kumwagiwa maji asubuhi na jioni ili vumbi lilale. Krasha inaweza kufunikwa na kunyunyiziwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalozuia kokoto kupatikana. Yote yanagharimu pesa tu. Kwa hiyo yule mzee, bila kukusudia, alikuwa anatuomba tulipende ua ambalo halikuwa la boga. Lilikuwa la mhasibu.

Halafu kuna swali la nani alimpa nani. Hoja ya "umekula, nyamaza" hudhani kwamba kampuni ilitupa kitu na sisi tukapokea. Ninapomkumbuka mama chini ya lile gunia, sioni mtu aliyepewa. Naona mtu aliyeuza kazi yake kwa bei ambayo hakuipanga yeye. Na jiwe lenyewe halikuumbwa na kampuni wala na sisi. Lilikuwepo. Kampuni ilikuja na mashine na leseni, sisi tulikuwa na mikono na makazi, na jiwe likatukuta sote hapo.

Mwanafalsafa Henry Odera Oruka, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi na kufariki 1995, aliandika kuhusu maadili yanayoiona dunia kama mzazi. Alitaka tuiwazie familia ya watoto sita, wengine wamefanikiwa, wengine wamebaki maskini. Aliyefanikiwa anaweza kusema bahati ilikuwa yake na jasho lilikuwa lake, na atakuwa anasema kweli kwa kiasi fulani. Ila hawezi kusema hana deni. Alilelewa na wazazi wale wale, akala kwenye sufuria ile ile, na ndugu zake wakiaibika naye ameaibika. Oruka alikuwa akiyafikiria mataifa tajiri na maskini. Mimi nilipomsoma niliiona Nairobi na mji wetu. Nairobi ndiye yule mtoto aliyefanikiwa. Ile barabara ya juu ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022, nimeipita mara moja tu kwa sababu ya ada yake, na kote nilikuwa nawaza kokoto. Si lazima ziwe zimetoka kwetu. Zilitoka kwetu fulani.

Na hapa ndipo nilipojiona vibaya. Kwa muda mrefu nilidhani mimi ni mmoja wa watu wa shimo. Ninasema "kwetu" kwa sauti kubwa nikiwa na marafiki, nasimulia habari za nyundo na gunia, nao wananiheshimu. Kumbe tangu nilipohamia mjini nimekuwa upande wa lori linakoshushia mzigo. Vumbi haliji Pipeline. King'ora sikisikii. Mtu wa aina yangu anaweza kusaini karatasi ya kufunga kware akiwa amelala, kisha apike chai. Kwake kufungwa kwa kware ni jambo zuri la kusimulia. Kwa tanboi ni chakula cha jioni. Lakini pia mtu wa aina yangu anaweza kukataa kusaini, aseme "maendeleo yana gharama", na gharama yenyewe ikabaki kwenye kifua cha mama yake. Jibu lolote nililochagua nikiwa kitandani lilikuwa rahisi mno kwangu, na urahisi huo ulinitia wasiwasi kuliko jibu lenyewe.

Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Haijaongeza "isipokuwa waliowahi kuuza chai pale langoni". Sheria ya Madini ya 2016 nayo inagawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ambako madini yanachimbwa. Yaani hata sheria inakubali kwamba anayeishi kando ya shimo ana fungu lake, na kwamba fungu hilo si sadaka. Kwetu fungu ambalo nimeliona kwa macho ni kalenda.

Tuna methali nyingine: mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimeishi karibu na shimo maisha yangu yote na sijawahi kuona hilo likitokea. Mchimba shimo ana gari na ana njia ya kutokea. Anayeingia ni mtoto.

Upande wa mashariki wa mji kuna shimo la zamani, lile waliloliacha walipofikia maji. Halijafukiwa wala kuzungushiwa chochote. Masika yakija linajaa, na maji yake huwa ya kijani, yametulia, yanapendeza ukiyaona kwa mbali. Bwawa la kawaida lina ukingo unaoteremka polepole, mtoto anaingia hadi magotini, anaogopa, anarudi. Shimo la kware limekatwa wima kama ukuta. Hatua ya kwanza ndiyo ya mwisho. Jumapili moja ya mwaka 2015 mvulana wa miaka kumi na mmoja, aliyekuwa akisoma darasa moja na mdogo wangu, aliingia humo akiwa na wenzake watatu. Wenzake walitoka.

Mama yake anauza chai na mandazi kwenye lango la kware. Alikuwa akiuza pale kabla ya siku ile, na baada ya matanga, wiki tatu baadaye, alirudi pale pale na sufuria zake. Watu walisema mengi. Kwamba ana moyo wa jiwe, kwamba amelipwa anyamaze. Mimi nilikuwa kijana na nilisema pia, Mungu anisamehe. Sikuuliza alitakiwa aende kuuza chai wapi, kwa nani.

Jumamosi ya siku ya kumi nilipanda matatu nikaenda nyumbani. Nilitaka kumwona yeye, maana nilikuwa nimeipitia ile picha mara mbili na jina lake halikuwemo.

Nilimkuta anaosha vikombe. Nikamsalimu, nikaketi kwenye ubao, akanipa chai kabla sijaomba. Tukaongea habari za mvua. Mwishowe nikamuuliza, kwa uoga, kwa nini hakusaini.

"Wameandika ifungwe," akasema.

"Na wewe hutaki ifungwe?"

"Mimi nataka ua, mwanangu." Akaweka kikombe chini. "Tangu siku ile nasema ua. Nimemwambia chifu, nimemwambia meneja, wamebadilishwa mameneja watatu nimewaambia wote. Nimewaambia na hao vijana wa karatasi. Wakaniambia mama, ikifungwa hata ua hautahitajika. Sasa hiyo shimo iliyommaliza mtoto, si ilifungwa kitambo?"

Nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo. Shimo lililomuua lilikuwa limefungwa. Kampuni ilikuwa imeondoka pale, hakuna baruti, hakuna lori, na lilikuwa hatari kuliko lile linalofanya kazi mpaka leo, ambalo angalau lina askari langoni wa kuwafukuza watoto. Karatasi yetu yenye wino mwekundu, pamoja na hasira yake yote ya haki, ilikuwa inaomba shimo la pili la aina ile ile.

Maana mashimo hayabaki matupu. Jaa la Dandora lilianzia kwenye machimbo yaliyoachwa, miaka ya 1970. Karibu na ninapoishi kuna mahali panaitwa Kware, na sasa unajua hapakupewa jina la ndege. Julai 2024 miili ya watu ilitolewa pale, kwenye maji na takataka, ikiwa imefungwa ndani ya magunia. Wiki ile nilipita nikaona watu wamesimama ukingoni, na nikatambua umbo la mahali kabla sijatambua kinachoendelea. Ukuta wima, maji ya kijani.

Na kuna njia nyingine, niliwahi kuiona bila kujua. Tukiwa darasa la saba shule ilitupeleka Mombasa. Tuliona bahari, tukaona Fort Jesus, na jioni tukapelekwa Haller Park kuona twiga, mamba na kobe mkubwa anayeitwa Mzee, yule aliyepata umaarufu kwa urafiki wake na kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mama habari za msitu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipogundua kwamba ule msitu ulikuwa kware: machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza kazi 1954. Mwaka 1971 Mswisi anayeitwa René Haller alianza kupanda miti kwenye mwamba mtupu wa matumbawe, na mti uliokubali vizuri ni mvinje. Majani ya mvinje yakawa yanaanguka bila kuoza, mpaka wakaletwa majongoo wakayala, na kinyesi cha majongoo kikawa mwanzo wa udongo. Majongoo, bana. Sisemi Bamburi hawajawahi kulaumiwa kwa lolote, na kokoto za bara si matumbawe ya pwani. Nasema tu kwamba nilisimama ndani ya shimo, nikiwa mtoto wa shimo, na sikulitambua.

Basi ile hali ya watu wa kwetu ya kusema hivi na vile, ambayo nilikuwa naionea haya, nimeanza kuiona kwa jicho tofauti. Anayesema "ifungwe" anajibu swali moja. Anayesema "iachwe" anajibu swali lile lile. Mama chai alikuwa anajibu swali ambalo hakuna aliyemuuliza, na kwa sababu jibu lake halikuingia kwenye ndiyo wala hapana, kampuni ilimhesabu kuwa ameridhika na vijana wakamhesabu kuwa amenunuliwa. Nadhani hilo linawafaa watu fulani. Ukiwalazimisha watu kuchagua kati ya mkate na mapafu watachagua mkate, kisha utawaonyesha sahihi zao.

Jioni ile tulikwenda naye hadi shimo la zamani. Sikumwomba, nilisema nataka kuliona, akavua aproni akafunga kibanda. Nilitaka kupima ua unahitaji urefu gani, kwa hiyo nikaanza kuhesabu hatua kuzunguka ukingo, yeye akitembea nyuma yangu kimya, upande wa mbali na maji. Nilipomaliza nikamwambia, ni mia nne na kumi na mbili. Akasema, "Zako ni ndefu. Zangu ni mia tano na sita."

Usiku nikaandika karatasi ya pili kwenye meza ya mama, chini ya kalenda. Shimo la zamani lizungushiwe ua kabla ya masika. Barabara imwagiwe maji. Nyumba zipimwe nyufa kabla na baada ya baruti, na mpimaji asiwe wa kampuni. Kampuni isipewe leseni ya kuongeza ardhi mpaka ionyeshe imeanza kufukia na kupanda pale ilipomaliza. Binamu aliisoma akacheka kwa uchungu. "Umeandika kama meneja," akaniambia. "Wataweka ua wa senyenge, wapige picha, waendelee miaka ishirini." Sikuwa na jibu zuri, kwa sababu anaweza kuwa sahihi. Amekaa na vumbi miaka mingi ambayo mimi sikuwepo, na mtoto wake wa kwanza anatumia dawa ya pumu. Nilimwambia karatasi yake iende, na hii iende, zote mbili ziwasilishwe, watu wasaini wanayotaka.

Hadi naandika haya, yake ina majina 74. Yetu ina 53, la kwanza likiwa la mama chai, kwa herufi kubwa. Majina 29 yako kwenye zote mbili, na binamu anasema hilo litatuharibia, kwamba mtu yeyote wa kaunti akiona atasema hawa watu hawajielewi. Shangazi yumo kwenye zote. Mama yangu pia. Nilimuuliza kwa nini amesaini karatasi inayotaka kware ifungwe, baada ya yote aliyoniambia kwenye simu. Alikuwa anachambua maharagwe na hakuinua kichwa.

"Si umeniletea kalamu," akasema.